Vali ya kuteleza isiyokaa kwenye siti: mwongozo kamili kwa injini ndogo za mvuke

Maswali yanayoulizwa kuhusu vali ya kuteleza ni yale yale, yanabadilika maneno tu. Injini imeunganishwa, flaiwili (gurudumu zito la injini) inazunguka kwa kidole, hewa ya kompresa imefunguliwa, na kinachosikika ni mlio mrefu wa hewa kwenye bomba la kutolea. Pistoni haitikisiki. Mwenye injini anafungua chemba ya mvuke ilimo vali, anatoa springi iliyo nyuma ya vali na kuweka ngumu zaidi. Injini inazunguka kidogo, inaanza kuwa nzito, na chemba ikifunguliwa tena siti, yaani uso bapa ambapo vali inateleza, imejaa michirizi.

Springi ngumu si dawa. Kinachoishikilia vali kwenye siti ni mvuke wenyewe. Chukua vali ya milimita 12 kwa 10: eneo la mgongo wake ni milimita za mraba 120. Mvuke wa bar 4 unaigandamiza kwa nguvu ya karibu nyutoni 48, yaani kama kilo 5, kabla ya kutoa kile kinachosukuma kutoka chini kupitia milango, yaani matundu ya mvuke yaliyo kwenye siti. Hakuna springi ya kuingia humo ndani itakayoshindana na nguvu hiyo, wala haitakiwi ishindane. Kazi yako ni moja: kuondoa kila kinachoizuia vali isilale bapa mvuke unapofika.

Mwongozo huu ni wa vali ya kisanduku, ile yenye shimo upande wa chini, inayoteleza juu ya milango mitatu. Injini za silinda inayobembea na zile za vali ya pistoni zina matatizo yao, hazimo humu.

## Sehemu tutakazozitaja

Siti ni uso bapa wa silinda wenye milango mitatu: miwili ya pembeni inapeleka mvuke kwenye ncha za silinda, wa katikati ni wa kutolea. Vali inateleza juu yake ndani ya chemba ya mvuke. Fimbo ya vali inapita kwenye glandi (tundu lenye pakingi inayozuia mvuke usitoke pembeni ya fimbo) na kuishika vali kwa nati ya kuendeshea iliyokaa ndani ya mfuo uliokatwa kwenye mgongo wa vali. Injini nyingine hutumia fremu inayoizunguka vali badala ya nati. Kanuni ni ile ile.

## Vifaa

- Kalipa ya vernia au ya kidijitali, na fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia mianya).
- Kipande cha kioo kinene, milimita 6 au zaidi, au meza ya kupimia ubapa kama unayo.
- Msasa wa maji namba 400, 600 na 1000.
- Rangi ya buluu ya kukagulia nyuso. Wino wa kalamu nene unafaa kama huna.
- Tupa ndogo za sindano, bapa na ya duara.
- Udongo laini wa kuchezea watoto.
- Utepe wa bronzi ya fosforasi wa unene wa milimita 0.2 hadi 0.25.
- Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu.
- Karatasi ya gasketi, pakingi mpya ya glandi, mafuta ya taa, brashi na oili ya silinda za mvuke.
- Kompresa yenye regileta inayoweza kushuka hadi bar 0.3. Pampu ya mkono yenye geji inatosha kwa injini ndogo.

Usianze bila regileta au pampu yenye geji. Hewa nyingi inaficha kasoro, kwa sababu inaipiga vali ikalala kwa nguvu hata pale ambapo mvuke wa kuanzia usingeweza.

## Hatua ya 1: Hakikisha mkosaji ni vali

Hewa inayotoka kwenye bomba la kutolea inaweza kuwa imepita njia tatu: chini ya vali, pembeni ya pistoni, au kwenye gasketi iliyo kati ya chemba na silinda. Ukifungua chemba kabla ya kujua ni ipi, utafanya kazi ya kubahatisha.

Tafuta katikati ya safari ya vali bila kufungua kitu. Zungusha flaiwili polepole mpaka fimbo ya vali itoke nje kabisa, kisha pima kutoka uso wa glandi hadi alama yoyote iliyo kwenye fimbo. Zungusha mpaka iingie kabisa, upime tena. Tuseme umepata 18.4 na 12.8. Jumlisha, gawanya kwa mbili: 15.6. Zungusha tena mpaka kalipa isome 15.6 na uizuie flaiwili kwa kabari ya mbao.

Hapo vali imefunika milango yote miwili ya mvuke, na silinda imetengwa. Kama pistoni inavujisha, haitasikika. Fungua hewa ya bar 0.3, weka sikio kwenye bomba la kutolea.

Kimya kabisa? Vali yako ni nzima. Tatizo lako ni pakingi ya pistoni au taimingi (wakati ambao vali inafungua na kufunga milango), na hatua nyingi za mwongozo huu hazikuhusu.

Hewa inatoka? Geuza injini ili chemba iwe juu na vali ilale kwa uzito wake, kisha fungua tena. Ikinyamaza, vali inaning'inia: kuna kinachoishika isirudi kwenye siti. Ikiendelea kuvuja vile vile, vali imelala lakini nyuso si bapa, au gasketi inapitisha.

Kama injini ni nzito kugeuza, fungua hewa ghafla badala ya taratibu. Mkupuo wa hewa huisukuma vali kwenye siti. Injini inayokataa kuanza ukifungua polepole lakini ikaanza ukifungua kwa ghafla ina vali inayoning'inia. Jaribio hili ni la hewa tu. Usifungue mvuke kwa ghafla kwenye silinda ya baridi.

Angalizo moja: vali ambazo kingo zake zinalingana sawasawa na milango, bila ziada, zinaweza kutoa mlio mdogo ukikosea katikati kwa unywele. Sogeza flaiwili kidogo mbele na nyuma kabla ya kuihukumu.

## Hatua ya 2: Fungua chemba, angalia kabla ya kugusa

Kama injini imeunganishwa na boila, geji lazima isome sifuri na kila kitu kiwe kimepoa. Piga alama ndogo kwenye kifuniko, chemba na silinda ili zirudi kama zilivyokuwa, na andika nati ya kuendeshea iko umbali gani kwenye fimbo.

Usiitoe vali bado. Chukua kijiti cha mbao, bonyeza pembe zake nne moja baada ya nyingine. Vali nzuri inatulia, haichezi. Ikitikisika, ama imekaa juu ya kitu ama imeshikwa na fimbo. Kisha ishike kwa vidole viwili, uinue taratibu kutoka kwenye siti na kuiachia. Inatakiwa iinuke bila ubishi, angalau nusu milimita, na irudi bila kusukumwa, chemba ikiwa imeelekea juu.

Tazama pia ukingo wa gasketi ya chini ya chemba. Hili ni kosa linalowapotezea watu muda mwingi: gasketi imekatwa pana, ukingo wake umeingia ndani ya chemba, na vali inapofika mwisho wa safari inaupanda. Gundi ya gasketi iliyobanwa ikatoka kwa ndani inafanya hivyo hivyo. Kata kwa kisu chenye makali mpaka isionekane kabisa.

## Hatua ya 3: Ipe vali uhuru kwenye fimbo

Hapa ndipo injini nyingi hupona, kwa hiyo usiharakishe.

Nati ya kuendeshea ina kazi ya kuisukuma vali mbele na nyuma tu. Haitakiwi kuibana kuelekea kwenye siti, haitakiwi kuizuia isiinuke. Kwa hiyo kuna pande tatu za kupima, na kila upande una kanuni yake.

Upande wa safari, mbele na nyuma. Hapa nati iwe karibu sana na kuta za mfuo bila kubana. Ukiweza kuingiza jani la fila geji la milimita 0.05 na nati bado inapanda na kushuka yenyewe, umefika. Mwanya ukiwa mkubwa, vali inachelewa kila mara inapogeuza mwelekeo na taimingi inaharibika.

Wengi huogopa mwanya huo, wakaibana nati mpaka inaingia kwa kugongwa. Nati iliyobanwa inaigeuza vali kuwa sehemu ya fimbo. Mahali fimbo ilipo ndipo vali itakapokuwa, siti iwepo isiwepo. Ing'arishe nati kwa msasa namba 600 uliowekwa juu ya kioo, upande mmoja baada ya mwingine, mpaka ukiishika fimbo kwa ulalo, vali ianguke yenyewe kutoka kwenye nati.

Upande wa kuelekea siti. Chini ya nati, kati yake na sakafu ya mfuo, acha milimita 0.5 au zaidi. Nafasi hii ndiyo inayoiruhusu vali iinuke maji yanaponaswa ndani ya silinda. Bila hiyo, maji hayana pa kukimbilia na kinachopinda ni fimbo ya pistoni, au kifuniko cha silinda kinang'oka.

Upande wa mgongoni. Kama fimbo inapita kwenye mfuo ulio wazi kwa juu, hakuna cha kufanya. Lakini kama fimbo inapita kwenye tundu lililotobolewa, angalia vizuri. Vali na siti zikilika, vali inashuka kuelekea silinda huku fimbo ikibaki palepale, na ukuta wa tundu ulio upande wa mgongo unaigota fimbo. Kuanzia hapo vali inaning'inia. Tundu la duara linalolingana na fimbo ndilo chanzo cha injini iliyofanya kazi vizuri miaka miwili kisha ikaanza kuvujisha bila sababu ya wazi. Lirefushe kwa tupa ya duara, liwe yai: nusu milimita upande wa siti, na milimita moja upande wa mgongo. Usilipanue kwa pembeni.

Angalia kimo pia. Nati inasukuma vali ikiwa juu kidogo ya siti, wakati msuguano uko chini, kwenye siti yenyewe. Kadiri nati ilivyo juu, ndivyo vali inavyotaka kuinua kisigino inapogeuza mwelekeo. Kama unatengeneza vali mpya, kata mfuo uende chini kadiri paa la shimo la kutolea linavyoruhusu.

*Umefaulu ukiona:* fimbo ikiwa imeunganishwa na krenki, unazungusha flaiwili mzunguko mzima huku umeweka ncha ya kidole juu ya vali, na kila mahali unaweza kuipandisha kidogo na ikarudi. Ikikataa sehemu moja ya mzunguko tu, nenda hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Fimbo na glandi

Toa fimbo, izungushe juu ya kioo. Mwanga ukionekana chini yake katikati au kwenye ncha, imepinda. Fimbo iliyopinda inaiinua vali nusu ya safari na kuibana nusu nyingine. Ukiinyoosha mara moja ikakubali, sawa. Ikikaidi, tengeneza nyingine kwa chuma kisichoshika kutu.

Kisha rudisha fimbo bila pakingi na bila vali. Iteleze kwenye glandi na kusimama sambamba na siti. Pima kimo chake kutoka kwenye siti karibu na glandi, kisha kwenye ncha ya pili. Vipimo vikitofautiana, glandi imetobolewa upande. Kwa tofauti ndogo unaweza kupanua kidogo tundu la mfuniko wa glandi ili pakingi ndiyo iishike fimbo. Kwa tofauti kubwa, hakuna njia ya mkato, weka bushi mpya (kibomba kinachoongoza fimbo) na utoboe upya.

Pakingi ikazwe kwa vidole tu, na robo ya mzunguko wa spana baada ya injini kupata moto.

## Hatua ya 5: Nyuso ziwe bapa kweli

Sasa vali iko huru. Ikiwa bado inavuja ikiwa imelala, nyuso ndizo zenye kasoro.

Paka rangi ya buluu kidogo kwenye kioo, isambaze mpaka ibaki kivuli tu. Weka vali juu, isogeze milimita chache bila kuigandamiza, iinue. Unatafuta mstari wa rangi usiokatika unaozunguka shimo la kutolea, na rangi kwenye midomo yote miwili ya vali (ncha zinazofunika milango ya mvuke) kwa upana wake wote. Pembe za nje zikikosa rangi kidogo si kitu. Mstari ukikatika kati ya mdomo na shimo, hapo ndipo mvuke unapopenya.

Kusaga: lowesha msasa namba 600, ulaze juu ya kioo, shika vali chini kabisa karibu na uso wake, na uisogeze kwa mwendo wa namba nane. Igeuze robo mzunguko kila baada ya miendo michache, kwa sababu mkono wa kila mtu hugandamiza upande mmoja zaidi. Namba 400 ni kwa mikwaruzo ya kina tu. Malizia na 1000.

Siti ni ngumu zaidi. Kwenye injini ambazo chemba ni fremu inayotoka, siti iko wazi na silinda yote inaweza kusuguliwa juu ya kioo. Kabla ya hapo kagua matundu ya skrubu: nyuzi zikivutwa, chuma kinavimba kuzunguka tundu, na silinda itasimama juu ya vivimbe hivyo badala ya siti. Zungusha biti kubwa ya kutobolea kwa mkono kwenye mdomo wa kila tundu, mara moja tu, uondoe mdomo ulioinuka.

Kama chemba imesubiwa pamoja na silinda, siti iko ndani ya shimo. Tengeneza kipande cha chuma chenye uso bapa kinachoingia humo na bado kinafunika milango yote mitatu kwa wakati mmoja, gundisha msasa chini yake, na usugue kwa mwendo mfupi. Kipande kidogo kuliko hapo kitachimba bonde.

Usisage vali na siti pamoja kwa dawa ya kusagia. Inavutia, maana zitalingana haraka, lakini nyuso mbili zinazosagana kwa mwendo wa mstari mmoja huelekea kuishia moja ikiwa na mbonyeo na nyingine na mbinuko. Zaidi ya hapo, punje za dawa hujichimbia kwenye bronzi na kuendelea kusaga kazini.

Usizungushe kingo za milango. Ukingo mkali ndio unaoamua mvuke uingie lini. Na kabla ya kufunga, osha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi, upulize milango yote. Unga wa msasa ulioachwa kwenye njia za mvuke utamaliza pistoni.

Kuna kasoro nyingine inayojificha. Siti ikiwa ndefu kuliko eneo linalofikiwa na vali katika safari yake, vali inachimba bonde na kuacha ngazi ndogo kwenye ncha zote mbili. Siku utakapobadilisha safari, hata kwa milimita 0.3, vali itaipanda ngazi hiyo. Ncha za siti zipunguzwe ili vali ipitilize kidogo kila upande.

Kuhusu metali: bronzi juu ya chuma cha kusubu inadumu. Shaba njano juu ya shaba njano hukwaruzana haraka oili ikipungua, na kama injini yako ilikuja hivyo, ni busara kutengeneza vali ya bronzi.

*Umefaulu ukiona:* weka vali kavu juu ya siti, funika milango, vuta hewa kwa mdomo kupitia mpira mwembamba uliounganishwa na bomba la kutolea. Vali inanata, haitoki hadi uivute kwa vidole.

## Hatua ya 6: Springi, kama inahitajika

Injini yenye siti inayotazama juu haihitaji springi. Inayohitaji ni ile ambayo siti yake imesimama wima au inatazama chini, kama kwenye vichwa vya treni vyenye chemba chini ya silinda, kwa sababu vali huanguka mvuke unapokatika.

Kazi ya springi ni kubeba uzito wa vali mpaka mvuke ufike. Vali ya bronzi ya milimita 12 kwa 10 kwa 6 ina gramu 6 hivi, hata kabla ya kuitoboa. Hivyo springi ya gramu 20 hadi 50 inatosha na kubaki.

Pima kwanza nafasi uliyonayo. Weka kidonge cha udongo laini juu ya mgongo wa vali, funga kifuniko pamoja na gasketi yake, kaza skrubu, fungua. Unene wa udongo uliobonyea ndio mwanya kati ya vali na kifuniko. Andika.

Kata utepe wa bronzi ya fosforasi wenye upana wa karibu nusu ya upana wa vali, urefu kama wa vali. Ukunje uwe upinde, tumbo likae juu ya vali na ncha ziguse kifuniko. Ncha zikunjwe kidogo kuelekea ndani ili zisikwaruze. Usiuchome moto kurahisisha kukunja, utakuwa laini na hautarudi umbo lake. Waya wa chuma wa kawaida usiutumie, utashika kutu.

Sasa weka upinde juu ya mizani, ugandamize kwa kijiti mpaka kimo chake kiwe sawa na ule mwanya ulioandika, usome. Ikizidi gramu 50, punguza upana wa utepe au kimo cha tao. Ugandamize tena milimita moja zaidi. Ukiweza, vali bado ina nafasi ya kuinuka maji yakinaswa. Ukigonga mwamba, springi imeshakuwa kabari, na umeifunga ile njia ya maji uliyoiacha kwenye hatua ya 3.

Hakikisha upinde hauzibi tundu la mvuke kuingia, katika sehemu yoyote ya safari.

## Hatua ya 7: Funga na urekebishe vali

Paka nyuso oili ya silinda. Rudisha chemba na gasketi mpya iliyokatwa vizuri, lakini acha kifuniko. Zungusha flaiwili na utazame mlango wa mvuke unavyofunguka kila ncha. Mifunguko iwe sawa mbele na nyuma. Isipokuwa sawa, isogeze nati kwenye fimbo kwa nusu ya tofauti. Funga kifuniko kwa kukaza skrubu kwa kukingamana.

## Hatua ya 8: Jaribio la hewa

Rudia jaribio la hatua ya 1, injini ikiwa katika mkao wake wa kazi, vali katikati ya safari, bar 0.3. Kisha fungua hewa taratibu sana, injini ikiwa huru.

*Umefaulu ukiona:* injini inaanza bila kusukumwa ikiwa ya silinda mbili, au kwa msukumo mdogo wa kidole ikiwa ya silinda moja, na bomba la kutolea linatoa pumzi zilizoachana, mbili kwa kila mzunguko kwa silinda inayosukumwa pande zote mbili. Mlio wa kuendelea kati ya pumzi na pumzi maana yake bado unavuja. Pumzi moja nzito na nyingine nyepesi ni taimingi, rudi hatua ya 7.

Iache izunguke kwa hewa nusu saa hivi, ukiidondoshea oili. Kumbuka hewa haileti unyevu mwingi kama mvuke, wala oili, kwa hiyo injini kavu hujikwaruza upesi hapa kuliko kwenye mvuke.

## Hatua ya 9: Mvuke wenyewe

Silinda ya baridi hugeuza mvuke kuwa maji mara moja. Fungua koki za kumwagia maji, fungua mvuke kidogo mno, zungusha flaiwili kwa mkono mbele na nyuma mpaka kinachotoka kwenye koki kiwe mvuke mkavu. Mikono iwe mbali na midomo ya koki.

Ukisikia mlio mdogo wa kugonga ndani ya chemba katika mizunguko ya kwanza, ni vali inainuka kuachia maji na kurudi. Hiyo ni dalili ya vali iliyo huru. Ikiendelea baada ya injini kupata moto, boila inasukuma maji pamoja na mvuke; punguza maji kwenye boila kwanza kabla ya kulaumu vali.

Kwa vichwa vya treni: ukifunga regileta (hapa ni vali inayopeleka mvuke kwenye silinda) huku magurudumu yanazunguka, shinikizo la juu ya vali linapotea, silinda zinageuka pampu, na hewa inayobanwa inainua vali. Zaidi ya kelele, pistoni huvuta masizi na majivu kutoka kwenye sanduku la moshi kupitia bomba la kutolea, na hayo yanatua kwenye siti. Unaposhuka mteremko, iache regileta wazi kidogo, kiasi cha kuifanya vali ibaki chini. Kama injini ina vali ya kuvuta hewa kwenye njia ya mvuke, ikague isiwe imekwama.

Oili iwe ya silinda za mvuke, ile nzito iliyotengenezwa kushikamana na chuma kilicholowa. Oili ya injini ya gari huoshwa na maji. Ishara ya kuaminika ni ncha ya bomba la kutolea: ikiwa na utando mwembamba wa oili, siti inapata yake.

Baada ya saa chache za kazi, fungua kifuniko mara moja utazame. Siti yenye mng'ao wa kijivu, sawa kote, iko vizuri. Mng'ao upande mmoja wa milango tu unamaanisha fimbo inaivuta vali, rudi hatua ya 4. Michirizi mirefu inayofuata safari ni uchafu au msasa uliobaki. Na doa linalong'aa upande wa ndani wa kifuniko, pale ncha za springi zinapogusa, likiwa limechimbika, punguza springi.